Nilivyorudia Somo la Moyo

Nilifeli nikiwa na miaka kumi na tisa, na habari ya kufeli kwangu niliibeba mwenyewe kutoka Iringa mpaka nyumbani, siku mbili ndani ya basi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuibeba.

Miaka ile ya hamsini msichana hakuingia unesi moja kwa moja. Hospitali ya misheni niliyokwenda, nje kidogo ya mji wa Iringa, ilikuwa na darasa la matayarisho la mwaka mzima. Tulisoma mambo matatu: somo la mwili, kemia na hesabu. Aliyefaulu yote matatu alishonewa gauni la kijivu, akaanza mafunzo wodini. Aliyefeli hata moja alirudia, au alikwenda kwao. Mimi nilifaulu hesabu peke yake.

Kwetu ni milimani juu ya Uyole, upande wa baridi, ambako watu hulima viazi, ngano na pareto. Baba yangu alikuwa mkulima. Alibatizwa akiwa mtu mzima na kusoma hakujua, lakini aliniacha nisome mpaka darasa la nane wakati wasichana wa rika langu walikuwa wameshaolewa. Unesi niliutamani tangu mama yangu alipoungua mguu kwa maji ya moto, tukampeleka hospitali Mbeya mjini. Kila asubuhi nesi mmoja alikuja kukifunua kile kidonda, ambacho sisi wa nyumbani tulishindwa hata kukitazama, akakisafisha polepole huku akimwuliza mama habari za shamba. Nilikuwa na miaka kumi. Niliitazama ile mikono yake, nikajua kazi ninayoitaka.

Kwa hiyo sikufeli kwa uvivu, wala kwa kutopenda. Nyumbani tulisema Kisafwa. Kiswahili nilikikuta shuleni, na Kiingereza nilikikuta nyuma ya Kiswahili, basi neno la kitabu lilipaswa kupita milango miwili kabla ya kunifikia, na mara nyingi halikufika. Nilichoweza ni kukariri. Nilikariri nikiwa nafagia, nikiwa nafua, nikiwa kanisani.

Mwalimu wetu alikuwa Sista mmoja kutoka Ulaya, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye Kiswahili alikisema kwa taabu lakini kwa adabu. Alikuwa na darubini ya kutazamia vitu vidogo, ile ambayo siku hizi wanaiita hadubini. Ilikuwa moja tu. Siku aliyotuonyesha damu, aliitoa kwenye sanduku lake la mbao kwa mikono miwili, akaweka tone juu ya kipande cha kioo, akatuita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikaona vijiti vyeusi vikichezacheza. Zilikuwa kope zangu mwenyewe.

"Unaona?" Sista aliuliza.

Nyuma yangu walikuwa wamepanga mstari wasichana tisa. "Naona, Sista," nikasema.

Nikarudi kuketi, nikachungulia daftari la jirani yangu, nikachora viduara alivyochora yeye.

Mwaka mzima ulikwenda namna hiyo. Niliweza kutaja kwa Kiingereza vyumba vinne vya moyo na mishipa yake yote, kwa mpangilio, bila kukosea, na sikuwa na picha yoyote kichwani ya kitu nilichokuwa nakitaja. Mtihani ulipokuja haukuniuliza majina. Uliuliza: mlango mmoja wa moyo usipofunga sawasawa, mgonjwa atapatwa na nini? Niliandika majina hivyo hivyo, kurasa mbili.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa anaanika maua ya pareto. Nilimsalimu, nikamwambia papo hapo, maana nilijua nikikaa kitako ningeshindwa.

"Walikuuliza nini?" akasema.

"Habari za moyo, Baba. Damu inavyozunguka mwilini."

"Inazunguka?"

"Ndiyo. Inatoka moyoni, inakwenda mpaka miguuni, halafu inarudi."

Akaacha kuanika. "Inarudi yenyewe?"

"Yenyewe."

"Kutoka miguuni mpaka hapa." Aligusa kifua chake. "Huko ni kupanda mlima. Inajuaje njia?"

Nilifungua mdomo. Majina yote ya Kiingereza yalikuwa tayari ulimini, na hakuna hata moja lililojibu swali lile.

"Sijui, Baba."

"Mimi nimechinja kondoo tangu ujana wangu," alisema, "na sikuwahi kujua kwamba damu inarudi. Nilidhani imekaa tu, kama maji ndani ya mtungi. Sasa wewe rudi ukaulize."

"Watanicheka."

"Watacheka. Wewe uliza."

Nilitegemea angenikasirikia au angenipa pole. Hakufanya hata moja. Alikuwa ameshangaa tu, ameshika maua ya pareto mkononi, anatazama miguu yake mwenyewe. Nami niliyekaa mwaka mzima na somo lile sikuwahi kulishangaa hata siku moja. Jambo hilo liliniuma kuliko kufeli kwenyewe.

Nilirudi mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshika. Basi lilishuka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye joto la Usangu, tukakwama tope karibu na njia ya Rujewa, abiria wote tukashuka kusukuma huku ng'ombe wa Wasangu wakitupita bila haraka. Jioni ya siku ya pili nilikuwa Iringa, matope mpaka magotini, nikibisha mlango wa bweni.

Darasani walikuwa wasichana wapya, wadogo kwangu, waliovaa viatu. Tuliorudia tulikuwa wawili tu: mimi na dresa mmoja kutoka Kilolo. Dresa wakati ule alikuwa mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa kwenye zahanati, aliyefundishwa kwa kutazama. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mfupi, mpole, ana watoto watano; mwaka uliopita tulikuwa naye darasani, ila hatukuwahi kuzungumza. Alikuwa ametumikia zahanati ya kwao miaka mingi, na misheni ilimtaka apate cheti ili apandishwe. Ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kurudia, na kanuni ilisema hakuna wa nne. Tulikalishwa dawati moja, nyuma kabisa.

Wiki ya pili Sista aliitoa hadubini tena. Safari hii sikungoja mstari. Nilimfuata baada ya darasa, wenzangu wameshakwenda kula.

"Sista, mwaka jana sikuona kitu."

Aliniangalia. "Lakini ulichora vizuri."

"Nilichora daftari la mwenzangu. Niliona kope zangu tu."

Nilidhani atanipa adhabu. Akavuta kiti. "Mimi pia," alisema. "Wiki ya kwanza, kule kwetu. Niliogopa kusema."

Akanichoma kidole kwa sindano, akaweka damu yangu juu ya kioo. Akanifundisha nisifumbe jicho la pili, nisiisogelee sana, niache macho yapumzike kama mtu anayetazama mlima wa mbali. Akakiweka kidole changu juu ya gurudumu dogo la pembeni, nikalizungusha polepole. Mbele yangu kulikuwa na ukungu mweupe. Ukungu ukafunguka.

Nilikuwa nimezoea kwamba damu ni nyekundu. Chembe zile hazikuwa nyekundu. Zilikuwa na rangi hafifu kama maji yaliyolowekwa majani makavu, viduara vilivyobonyea katikati, vingi kuliko maharage ya shamba letu lote, na vilikuwa vinakwenda. Vilipita mbele ya jicho langu vikigusana na kuachana, kimya kabisa.

"Ni zangu hizi?" niliuliza.

"Ni zako."

Nilikuwa nimeishi miaka karibu ishirini na umati ule ndani yangu, nimelima nao, nimelala nao, nimelia nao kwenye basi, bila kujua kwamba upo. Sista aliniacha nitazame mpaka tone likakauka pembeni. Chakula kilikuwa kimeisha nilipofika, na sikusikia njaa.

Tulipofika kwenye somo la moyo, Sista alitutuma mimi na dresa sokoni kununua moyo wa ng'ombe. Mjini kulikuwa na mzee mmoja muuza nyama, Mwislamu, ambaye babu zake walitoka pwani. Kofia yake ilikuwa safi hata siku ya kuchinja, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka nikaona haya kufungua mdomo wangu wa bara.

"Shikamoo, Mzee. Nataka moyo moja, kubwa."

"Marahaba. Mmoja, mkubwa," akasema bila kuinua kichwa. "Wa kukaanga au wa mchuzi?"

"Wa kusoma."

Hapo akainua kichwa. Dresa akamweleza kwamba tunatoka hospitali, tunajifunza mwili. Yule mzee akafuta kisu chake taratibu. "Nimekata mioyo tangu sijaota ndevu," alisema, "na hajatokea mtu wa kuniambia anakwenda kuusoma. Piteni huku ndani."

Nyuma ya duka kulikuwa na meza ya mawe. Alichagua moyo uliokuwa bado una mishipa yake mirefu, maana ng'ombe alikuwa amechinjwa alfajiri ile, akaondoa mafuta kwa ncha ya kisu, akapenyeza kidole akatoa damu iliyoganda. Alifanya kwa wepesi wa mtu anayemenya chungwa.

"Kuna kitu nakiona kila siku ninapoukosha," akasema. Akachukua birika la maji. "Nikimimina kutoka huku chini, maji yanapita, yanatokea juu. Tazama. Lakini nikimimina huku juu, kwenye huu mshipa mnene, yanagoma. Sijui sababu yake."

Akamimina. Maji yakajaa ndani ya mshipa, yakasimama.

Niliomba birika, nikamimina mwenyewe. Yakasimama tena. Niliinama nikachungulia ndani ya ule mshipa mweupe, ambao vidole viwili viliingia bila kubanwa. Chini kabisa, chini ya yale maji matulivu, niliona vifuko vitatu vyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Vilikuwa vimejaa, vimetuna, vimekutana katikati na kufunga. Nilipougeuza moyo na kuyamwaga maji, vililegea vikashikamana na ukuta wa mshipa kana kwamba havikuwapo. Nikamimina. Vikafunga. Sijui nilifanya mara ngapi. Yale majina ya Kiingereza niliyoyakariri mwaka mzima yakaanza kuja yenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilikaa mahali pake.

"Ni milango," nikasema. "Damu ikishatoka haiwezi kurudi nyuma. Inasukumwa mbele tu, mpaka izunguke mwili wote ifike hapa upande wa pili."

"Na wa binadamu?" mzee akauliza.

"Ni hivyo hivyo, Mzee. Ila mdogo. Ni kama ngumi yako."

Alikunja ngumi, akaitazama. "Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. Sisi watatu tukasimama pale, mimi binti wa misheni, yeye na kofia yake, dresa ameweka mkono kifuani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Mwishowe akaufunga moyo kwenye gazeti kuukuu. "Siku nyingine ukija," akaniambia, "useme moyo mmoja." Akatabasamu, nami nikacheka.

Likizo ya katikati ya mwaka nilikwenda nyumbani. Wakati huo Sista alikuwa ametufundisha kwamba hata mishipa ya mikono na miguu ina milango midogo ya namna ile. Baba alikuwa na mikono ya mkulima, mishipa imesimama kama mizizi. Nilimwomba anyooshe mkono juu ya meza, auning'inize kwanza mpaka mishipa ijae. Nikabana mshipa mmoja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono, pale panapovaliwa saa, na kwa kidole kingine nikaisukuma damu kuelekea juu, kisha nikakiondoa kile kidole cha pili. Mshipa ukabaki umelala, mtupu. Damu ya juu haikushuka kuujaza.

"Imeondoka," baba akasema.

"Imekwenda juu, na huko juu mlango umefungwa. Sasa tazama." Nikaachia kidole cha kwanza, mshipa ukajaa mara moja kutoka chini.

"Kwa hiyo njia haiijui."

"Haiijui, Baba. Inazuiwa kurudi nyuma, basi."

Alijaribu mwenyewe. Alijaribu kwenye mkono wa mama, wa kaka yangu, na wa mwinjilisti aliyekuja kutusalimu. Chakula kilipoletwa alikuwa bado anabana na kuachia, anabana na kuachia. "Na hii ilikuwa humu siku zote," akasema, si kwangu, wala si kwa mtu yeyote.

Ilibaki kemia. Kemia niliiogopa kuliko moyo, maana moyo unashikika. Kilichonisaidia kilikuwa maji ya chokaa na yule dresa.

Maji ya chokaa Sista aliyaweka katika glasi, safi kama maji ya kisima, akampa kila mmoja wetu bua la kupulizia. Nilipuliza. Punde maji yakaingia weupe, yakawa kama maziwa. Nilikuwa nimesoma kwenye kitabu kwamba pumzi inayotoka si sawa na inayoingia, na nilikuwa nimeliandika jambo hilo mara kadhaa. Sasa lilikuwa mbele yangu kwenye glasi: kitu kilichotoka ndani yangu, kisichoonekana, kimeacha alama. Jumapili iliyofuata kanisani, watu mia mbili walipoimba asubuhi ile ya baridi na pumzi zao zikipanda juu kama moshi, nilishindwa kuimba. Nilisimama na kitabu cha nyimbo mkononi, nawatazama.

Dresa alinisaidia kwa njia nyingine. Jumamosi mchana tulikaa kwenye baraza ya darasa, mimi nikimsomea Kiingereza, yeye akinionyesha dawa. Swali lilisema: tengeneza dawa ya kuoshea vidonda, sehemu moja katika ishirini. Mimi nilihesabu kwenye karatasi nikapata, lakini chupa ilipokuja mkononi nilichanganyikiwa. Yeye alimimina maji, akamimina dawa, akanusa, akasema, "Tayari." Tulipopima, ilikuwa sawasawa.

"Umejuaje, kaka?"

"Nimewaosha watu nayo miaka yote hii. Ikizidi wanalia, ikipungua kidonda kinanuka." Kisha akaitazama karatasi yangu. "Lakini hizi namba, dada, zikiwa kwenye karatasi zinanikimbia."

Nilimfundisha kila Jumamosi. Nilimpa mifano ya vikombe, ya debe, ya kila kitu nilichofikiri kitamkaa. Jumamosi alielewa, Jumatatu yalikuwa yamepotea. Hakuwahi kukasirika. Alikuwa akifunga daftari, anasema, "Tutaanza upya," kisha anakwenda wodini kusaidia kugeuza wagonjwa wazito, ingawa hakuna aliyemwamuru.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili. Swali la mwisho la somo la mwili lilituambia tumweleze mtu asiyejua kusoma jinsi damu inavyozunguka. Nilishika kalamu nikawa sina haja ya kukumbuka kitu, maana nilikuwa nimeshamweleza baba. Niliandika mpaka kengele. Kwenye kemia namba zilinichanganya mpaka nikakumbuka ile harufu ya dawa pale barazani, nikatulia. Nikiangalia pembeni nilimwona dresa anaandika haraka, jasho linamtoka katika baridi ile, na moyo wangu ukafurahi kwa ajili yake.

Majibu yalisomwa baada ya sala ya asubuhi. Jina langu lilisomwa kwa masomo yote matatu. La dresa lilisomwa kwa mawili, hesabu akiwa ameipenya kwa alama moja tu. Kwenye kemia alikuwa ameandika mambo ya kweli, Sista aliniambia baadaye, kurasa nyingi, lakini kwa haraka yake alikuwa ameyaandika kwa Kiswahili na Kihehe, na namba alizipachika ovyo. Mtihani ulitaka Kiingereza. Sista alikuwa amewaandikia wakubwa wake kumwombea, wakakataa. Alipokuwa ananiambia hayo alitazama dirishani, wala hakunitazama mimi.

Nilimkuta dresa anafunga mzigo wake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya pole njia nzima. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Hongera, dada. Sasa utavaa kijivu."

"Kaka, si haki."

"Labda." Alikunja shati, akalilaza juu ya vitabu. "Lakini hebu fikiri. Miaka ishirini nimesikiliza mapigo ya watu kwa kidole, sijui kinachopiga ni nini. Sasa nikimshika mtu mkono naiona ile milango inafunga. Hilo hawawezi kuninyang'anya kwa karatasi."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Lori la mbao lilikuwa linarudi Kilolo, akapanda nyuma, akaketi juu ya mzigo wake na kunipungia mkono mpaka kona.

Nilivaa gauni la kijivu. Mwaka wa kwanza wodini ulikuwa wa kufua bandeji, kumwaga vyombo na kuogopa. Mvua zilipoanza, alasiri moja ndugu wawili walimleta kutoka Kilolo kijana aliyeangukiwa na mti, mfupa wa paja umevunjika. Walikuwa wamemsafirisha siku nzima katika barabara mbaya. Daktari alipofunua blanketi tulitegemea kuona mguu umevimba na kugeuka rangi.

Mguu ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umefungwa kwa mabanzi ya mianzi, yaliyopasuliwa na kusuguliwa mpaka yakawa laini, yametandikwa pamba ndani, na kila fundo lilikuwa upande wa nje ambako halikubana nyama. Chini, nafasi ya vidole viwili ilikuwa imeachwa makusudi juu ya unyayo, ili mtu aweze kupima mapigo bila kufungua kitu. Daktari aliweka vidole vyake pale, akasikiliza. Vidole vya mguu vilikuwa vya moto. Mfuko mdogo wa shati la kijana ulikuwa na karatasi yenye mwandiko mkubwa, kwa Kiswahili, inayosema saa alizopewa dawa na idadi ya mapigo yake kila saa mpaka alipopakiwa safarini.

"Nani amemfunga?" daktari akauliza.

"Yule dresa wetu," kijana akasema.

Daktari aliwaita wanafunzi wote, hata waliokuwa wamepumzika, tukazunguka kitanda. Hakueleza sana. Alituambia tutazame tu. Nilitazama lile fundo la juu, lile la katikati, ile nafasi ya vidole viwili, na nikasikia mwili mzima unanisisimka kama siku ile ya maji yaliyosimama ndani ya mshipa. Nilimwambia daktari kwamba namjua aliyefanya kazi ile, kwamba tulikaa dawati moja. Alinitazama kana kwamba nimetaja heshima kubwa, na kweli ilikuwa heshima kubwa.

Juma lile nilimwandikia dresa barua ndefu, nikamweleza maneno ya daktari yote, jinsi tulivyoitwa, na jinsi Sista alivyokuja peke yake baadaye na kuketi kando ya kitanda kile. Jibu lilichukua karibu miezi miwili kunifikia. Ya daktari hakuyagusa. Alikuwa ameandika salamu za watoto wake, habari za mvua, na chini kabisa akauliza kama yule kijana ameanza kukanyaga.

Nikamjibu kwamba ameanza, kwa gongo moja, na kwamba asubuhi ile alikuwa ametembea mpaka kwenye bustani na kurudi.